Nundu Kichwani mwa Fundi Hapana

Saa mbili asubuhi, jua bado halijaanza kuchoma. Mbele ya karakana ndogo ya matairi kando ya barabara, mwanamke aliyevaa ovaroli ya mumewe, miguu ya nguo imekunjwa juu ya vifundo, amelikanyaga tairi la gari dogo na kulihangaisha kwa vyuma viwili bapa. Anajaribu kulipandua kutoka kwenye rimu. Jasho linamchuruzika mpaka kidevuni.

Karibu naye, juu ya rimu kuukuu ya lori, mumewe amekaa mikono magotini, anamtazama.

Hasemi neno. Mkewe anapokosea, yeye huigonga rimu kwa spana mara mbili, na mke husita, huhamisha chuma, humwangalia usoni. Ukisikika mlio mmoja tu, mke hujua amepatia, na hapo huegemeza uzito wake wote mpaka tairi liachie. Mmoja ni ndiyo, miwili ni hapana. Hiyo ndiyo lugha yao ya kazi siku hizi.

Wateja wanaosubiri wana tafsiri yao. Mmoja ananong'ona kwamba wawili hawa wamenuniana tangu jana. Mwingine, dereva wa teksi ambaye mdomo wake hauna breki, anasema kwa sauti ya kusikika kabisa kwamba dunia imejaa wanaume suruali, wanaokaa kivulini wakati wake zao wanavunjika viuno.

Fundi anasikia. Anaangalia kando.

"Zamani angelipata jibu lake na chenji juu," anasema baadaye, teksi ilipokwisha kuondoka. "Sasa hivi hata kukasirika nimekatazwa."

Amekatazwa kwa sababu ndani ya kichwa chake, upande wa kushoto, mshipa mmoja wa damu umetoa nundu. Ukuta wa mshipa umelegea na kutuna, na damu inausukuma kila moyo unapopiga. Ukipasuka, damu itamwagika kwenye ubongo. Jumatatu ijayo ana miadi hospitalini ya kufunguliwa fuvu ili nundu hiyo ibanwe. Mpaka asubuhi hii tunapozungumza naye, hajui kama atakwenda.

Mtaa mzima unamwita Hapana. Hata watoto wa jirani wanaomjia na baiskeli zao humwamkia, "Shikamoo Babu Hapana," naye huitikia bila kinyongo. Jina hilo alipewa na madereva, na alilipata kwa haki.

Tairi linapozeeka au kugonga shimo vibaya, nyuzi za ndani hukatika na ubavu wake hutuna. Tairi la namna hiyo ukilitia upepo linasimama vizuri tu, na mwenye haraka zake hatagundua kitu. Mafundi wengi hulitia upepo, wakachukua hela yao na kumwombea dereva safari njema. Huyu hakuwahi. Mteja angebembeleza, angetukana, angesema anakwenda karibu tu, kona ile pale. Jibu lilikuwa neno moja.

Akishakataa, humwomba mwenye tairi ruhusa ya kulikata kwa msumeno, bure, ili asije akalipeleka kwa fundi mwingine. Matairi hayo ndiyo aliyoyapaka rangi nyeupe na kuyapanga mbele ya karakana yawe viti. Kwa hiyo wateja wake, akiwemo yule wa teksi, husubiri huduma wakiwa wamekalia matairi ambayo yangewaua.

"Nilikuwa najisifu," anasema. "Nilikuwa nasema hakuna mtu aliyekufa kwa nundu mkononi mwangu. Kumbe nyumbani kwetu ndiko zilikojaa."

Wa kwanza alikuwa mama yake. Alianguka jikoni akiwa anapuliza moto, na ukoo ukakubaliana kwamba ni hasira za miaka mingi zilizompanda kichwani. Wengine walitaja jirani mmoja mwenye jicho baya, na jirani huyo akahama mtaa.

Wa pili alikuwa dada yake, msusi. Siku hiyo alikuwa na kichwa cha mteja mapajani, nusu kimesukwa, nusu bado. Alisema ghafla kwamba amepigwa na kitu kisogoni. Mteja aligeuka akacheka, kwa sababu nyuma yao palikuwa na ukuta mtupu. Dada akasema mwanga unamuumiza, akatapika, akalala chini. Hakuamka tena. Yule mteja alikuja msibani amejifunga kitambaa, na chini ya kitambaa nusu ya nywele zilikuwa bado wazi. Hakutaka mtu mwingine azimalizie.

Hospitalini ndipo walipoambiwa kwamba tatizo hili linaweza kufuata damu ya ukoo. Ndugu wawili wakishakufa nalo, waliobaki wapigwe picha ya kichwa. Fundi alisikia, akaitikia kwa adabu, akarudi kwenye matairi yake. Alikuwa na uoga wa kawaida wa watu wazima, ule wa kuona kwamba usichokijua hakikujui.

Aliyemtoa huko ni binti yake wa pekee, mwalimu wa chekechea. Alimbana kila alipokuja kusalimia, mara kwa utani, mara kwa machozi. Mwisho alisusia chakula cha mama yake, jambo ambalo nyumbani kwao halijawahi kutokea. Baba akaenda. Picha ya kwanza ilionyesha kitu kidogo. Ya pili, mwaka uliofuata, ilionyesha kitu kile kile kimekua na kufika ukubwa wa punje ya kunde.

Daktari wa ubongo ni mama mtaratibu, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na anapoongea na mgonjwa husogeza kiti mpaka magoti yakaribie kugusana. Alimweleza fundi habari hiyo kwa upole. Fundi akamkatiza.

"Nikamwambia, daktari, hiyo naijua. Hiyo haizibwi. Hiyo ni ya kukata na msumeno."

Daktari alimjibu kwamba mshipa wa mtu si tairi, kwa sababu tairi unaweza kununua jingine. Kisha akamwekea mezani njia tatu, na kwa kila moja akamwambia uzuri wake na ubaya wake. Fundi anazikariri mpaka leo.

Njia ya kwanza ni kungoja. Avute sigara yake ya mwisho, ameze vidonge vya presha kila siku, asinyanyue vizito, apigwe picha kila mwaka. Wako watu wengi wenye nundu ndogo wanaozeeka nazo na kufa kwa maradhi mengine bila hata kujua kwamba walikuwa nazo. Lakini yake inakua, na historia ya mama na dada haimsaidii.

Ya pili ni kupitishiwa mpira mwembamba kutoka kwenye paja, ndani kwa ndani ya mishipa, mpaka kichwani. Kwa mpira huo hujazwa nyaya laini kuliko unywele, zinajikunja ndani ya nundu mpaka damu ikose pa kuingilia. Fuvu haliguswi. Aliposikia hivyo, fundi alinyanyuka nusu ya kiti.

"Nikasema ndiyo hii. Nifanyieni hii hata leo."

Daktari akaweka mkono begani kwake. Nundu yake ina shingo pana, na nyaya zikiwekwa hivi hivi zitateleza na kuziba mshipa wenyewe. Zingehitaji kushikiliwa na kijiwavu maalumu, na mgonjwa anywe dawa za kulainisha damu kwa muda mrefu. Hata hilo lingewezekana, ila mashine ya kuonyesha mishipa wakati wa kazi hiyo imeharibika, imefunikwa turubai, na hakuna anayejua spea itafika lini. Mashine nyingine nzima iko ng'ambo. Fundi hana hata pasipoti.

Ya tatu ni kufungua. Sehemu ya mfupa wa kichwa inaondolewa, nundu inatafutwa, na shingo yake inabanwa kwa klipu ndogo ya chuma, mfano wa kibanio cha nguo. Kisha mfupa unarudishwa. Klipu ikikaa vizuri, mambo yamekwisha, na nundu yenye shingo kama yake inabanika vizuri kwa njia hiyo. Tatizo ni mahali ilipo. Jirani yake ndipo panapotoka maneno ya mtu na nguvu za mkono wa kulia. Wengi huamka salama. Baadhi huamka wakiwa hawawezi kutamka kitu, kwa muda au moja kwa moja. Wachache hawaamki.

"Yote matatu yametoboka," anasema fundi. "Anakuuliza uchague tairi gani la kupanda, na yote unayaona yana tundu."

Alichagua kungoja. Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo, kwa maneno ya daktari mwenyewe, hajawahi kuliona kwa mgonjwa mwingine.

Miaka yote fundi huyu amejua kwamba tairi dhaifu hupasuka kwa wingi wa upepo. Punguza upepo, punguza hatari. Kwa hiyo alipoambiwa kwamba vidonge vinashusha msukumo wa damu, akapiga hesabu zake za kifundi. Kama kidonge kimoja kinapunguza kidogo, viwili vitapunguza zaidi. Akaongeza. Kisha akaona damu yenyewe ndiyo upepo, na damu ni maji, basi akaacha kunywa maji. Hakumwambia mtu, kwa sababu alijiona ameligundua jambo.

Mkewe alimkuta ameanguka kati ya kompresa na ndoo ya kupimia pancha, midomo imekauka, macho yamegeuka. Alidhani nundu imepasuka. Alipiga yowe ambalo wenye maduka ya upande wa pili wa barabara bado wanalisimulia.

Hospitalini daktari aliyesifika kwa upole aligomba, tena kwa sauti. Alimwambia kwamba ubongo nao unahitaji kufikiwa na damu, na kwamba angeweza kujiua kwa kukwepa kufa. Fundi alisikiliza kichwa chini.

"Nilidhani najipunguza upepo," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka kidogo, kwa uangalifu, kama mtu anayepita na sinia la mayai. "Nikajikuta nimelala kwenye rimu."

Tangu siku ile, nyumba yao imekuwa ya kunyatia. Fundi akipiga chafya, mkewe anasimama. Akikawia chooni, anabisha mlango. Akiinama kufunga kamba za viatu, mtu anamwahi. Binti anapiga simu kila asubuhi kabla ya kuingia darasani, na akishasikia sauti ya baba yake anasema "haya" na kukata, maana hana jingine la kuuliza.

Kazi imekufa nusu. Malori, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakilisha nyumba, hayasimami tena hapo. Tairi la lori linataka mgongo wa mwanamume mzima, na mgongo uliopo umepigwa marufuku. Mashine ya kupandulia matairi makubwa imeuzwa kwa ajili ya picha na dawa. Mke, ambaye alikuwa akishona nguo za watoto, ameiweka cherehani chini ya kitanda na kuvaa ovaroli.

Hajui kulalamika, lakini alipoulizwa anaendeleaje alijibu bila kuacha kazi.

"Nimekuwa mjane huku mume wangu nampikia," alisema. "Kila jioni namshukuru Mungu, na kila asubuhi naanza msiba upya."

Linalomla fundi zaidi ya yote ni binti. Damu ni ile ile, na daktari ameshauri naye apigwe picha. Amekataa. Alimwambia baba yake waziwazi, akiwa amesimama mlangoni na mkoba wake begani, kwamba haoni faida ya kupimwa. Kama dawa yenyewe ni kukaa na kusubiri kufa kwa adabu, kusubiri anaweza bila picha.

"Yaani mimi ndiye niliyemfundisha," anasema fundi. "Nilimpa ugonjwa, halafu nikampa na mfano."

Usiku ule ndipo alipomwambia mkewe kwamba atakwenda kufunguliwa. Daktari akampa Jumatatu. Na kwa kuwa daktari hakumficha kuhusu maneno, fundi akaanzisha mazoezi yake mwenyewe. Wakiwa kazini hafungui mdomo. Anataka kujua kama mkewe anaweza kuiendesha karakana akiwa na mume asiyesema, na anataka ajue kabla, wakati bado kuna nafasi ya kusahihisha. Alianza kwa kuonyesha kwa mkono wa kulia, kisha akakumbuka kwamba nao huenda usiwepo. Ndipo alipohamia kwenye spana na rimu, kwa mkono wa kushoto.

Hiyo ndiyo sababu ya ukimya ambao wateja wanaudhani ni ugomvi.

Lakini moyo wa mtu hauna jeki ya kuushikilia. Kadiri Jumatatu inavyokaribia, ndivyo fundi anavyorudi nyuma. Jana alituambia kwamba pengine ataomba tarehe nyingine. Pengine mashine ile itatengenezwa. Pengine nundu imeacha kukua. Aliyasema hayo mkewe akiwa amekwenda dukani, na alipomwona anarudi akabadilisha mazungumzo.

Saa nne hivi linasimama gari la mizigo midogo, limejaa viti vya harusi vya kukodisha. Dereva anashuka akitazama saa. Tairi la mbele limepungua upepo. Mke wa fundi anachuchumaa, anapitisha kiganja ubavuni mwa tairi, na kiganja kinasimama. Nundu. Si kubwa, lakini ipo.

Anamgeukia mumewe, anasubiri milio miwili.

Haiji. Fundi amelikodolea macho tairi lile kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya utotoni. Dereva anaeleza kwamba ana haraka, kwamba ukumbi si mbali, kwamba ataendesha taratibu, hatapita kwenye mashimo, na jioni atanunua jingine. Fundi anamsikiliza mpaka mwisho. Halafu, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, anafungua mdomo kazini.

"Mtilie kidogo tu," anamwambia mkewe. "Kidogo. Aende taratibu."

Mke anasimama. Mpira wa kompresa uko mkononi, na mashine inanguruma peke yake. Anaizima.

"Hapana," anasema.

"Mama, amesema ataendesha taratibu."

"Nimemsikia. Hapana."

Dereva anataka kuingilia, lakini anaona hili si lake, anarudi nyuma na kuegemea mlango wa gari. Mke hapazi sauti. Anamwambia mumewe kwamba amekaa naye maisha yote akimwona anawanyima watu upepo, wengine wakimtemea mate miguuni, na hakuwahi kuona haya kwa ajili yake hata siku moja. Leo ndiyo anaona haya.

"Ulikuwa unaniambia mwenye tairi bovu hahitaji huruma, anahitaji mtu wa kumkatalia," anasema. "Basi na wewe umempata wa kukukatalia. Jumatatu tunakwenda."

Fundi anaangalia chini. Magari yanapita. Hatimaye anainua spana na kuigonga rimu mara mbili, polepole, na mke anachukua jeki. Tairi linatolewa, la akiba linafungwa, na dereva anaondoka akinung'unika kwamba atachelewesha harusi ya watu. Lile bovu linakatwa kwa msumeno. Mke ndiye anayekata. Kazi hiyo inachukua muda, na mumewe hageuzi uso.

Mipango ya Jumatatu iko hivi. Watatoka nyumbani asubuhi, watatu, kwa sababu binti ameomba ruhusa kazini. Fundi atanyolewa upande mmoja. Daktari amemweleza kwamba akizinduka, kitu cha kwanza ataulizwa jina lake, kupima kama maneno yapo. Fundi ameomba asiulizwe jina. Ameomba aulizwe kama tairi lenye nundu linajazwa upepo. Daktari alikubali bila kucheka, na alimwomba mkewe afike chumbani kumsikiliza.

Binti ametoa ahadi moja tu. Siku baba yake atakapofumbua macho, atakwenda kupigwa picha siku hiyo hiyo, katika jengo hilo hilo. Mama alimuuliza, na asipoyafumbua? Binti alisema hajafika huko.

Mchana tunajiandaa kuondoka. Mke wa fundi ameinama kwenye tairi jingine, vyuma mkononi, mgongo ametupa sisi. Bila kugeuka anamuuliza mumewe swali ambalo ni wazi ameliweka moyoni siku nyingi.

"Unadhani utarudi?"

Fundi hajibu kwa mdomo. Anaigonga rimu mara moja.

Mke anasimamisha mikono. Anabaki hivyo hivyo ameinama, chuma kimoja kimeshaingia chini ya tairi, anasikiliza kama kuna wa pili. Anasubiri kwa muda mrefu. Hauji. Anaegemeza uzito wake wote, tairi linaachia.

Fundi alitusindikiza mpaka barabarani, mwendo wa pole. Pale ndipo aliposema kwamba alitaka kugonga mara mbili. Mkono ulikuwa umeshainuka, alimwona mkewe anavyosubiri, akaushusha.

Tulimuuliza kama jambo hilo tuliache lisiandikwe, mkewe asije akalisoma.

Alitazama nyuma, kule alikokuwa mkewe akipapasa ubavu wa tairi kwa kiganja, kama alivyomfundisha.

"Liandikeni tu," alisema. "Anajua."